MADAFTARI YALIYOSALIA YASITUPWE

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema na wanachama wenzangu juu ya jambo ambalo wengi watalidhani dogo, nalo ni madaftari ya shule yanayosalia nyumbani kila mwaka ufungapo.

Sisi makarani twajua thamani ya karatasi kuliko watu wengi, maana ndiyo shamba letu tulimalo. Lakini ifikapo Desemba, watoto wafungapo shule, madaftari yao huwa ya kuwashia moto. Hapa milimani Usambara baridi ni kali na kuni hushika unyevu wa ukungu. Basi kila alfajiri karatasi kadhaa huteketea jikoni, na nyingine hazijaguswa kalamu. Yasiyochomwa huuzwa yakafungiwa karanga na maandazi.

Na tupige hesabu kama ilivyo kazi yetu. Tuseme mtoto ana masomo 7, na katika kila daftari zimesalia karatasi 8 safi. Jumla ni karatasi 56. Daftari la kurasa 80 lina karatasi 40 tu. Basi mtoto huyo mmoja ametupa daftari zima na karatasi 16 zaidi. Mwenye watoto wanne na amalize hesabu mwenyewe. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada za shule hadi kidato cha nne, lakini madaftari, kalamu na sare zilibaki mzigo wa mzazi. Yafaaje basi kununua Januari kitu kile kile tulichokichoma Desemba?

Wengine wamejaribu kuzitumia karatasi hizo wakakata tamaa, kwa kuwa huzing'oa tu. Daftari limefungwa kwa pini katikati, na kila karatasi ya nyuma imeungana na mwenzake wa mbele. Ukiing'oa iliyo safi, ile yenye masomo hulegea na kupotea, nayo bado yahitajiwa na mtoto kwa marudio, na mdogo wake pia. Njia iliyo njema ni kukata kwa wembe na rula, ukiacha ukingo mwembamba karibu na mkunjo. Zipange karatasi safi sawasawa, toboa matundu matano upande wa kushoto kwa msumari mwembamba, kisha shona kwa sindano na uzi wa katani, ambayo mkoa wetu wa Tanga waijua sana. Jalada kuukuu litafaa kuwa jalada jipya. Mtoto wa darasa la tano aiweza kazi hii, nayo humfundisha kutunza mali.

Najua wapo watakaosema kwamba ni aibu mtoto wa karani kushika daftari la kushonwa. Mimi sioni hivyo. Daftari jipya na liende shuleni, la kushonwa likae nyumbani kwa mazoezi ya hesabu na imla. Aibu iliyo kweli ni mtoto kukosa pahali pa kujizoeza jioni, naye baba yake anakula mshahara wa kalamu.

Juu ya kufungia vyakula, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ilitenda jambo jema. Lakini andazi la moto lenye mafuta halifai kuviringishwa katika karatasi yenye wino, kwani wino huhamia chakulani.

Tena naonya jambo moja kwa mkazo. Karatasi nisemazo ni za watoto, wala si za ofisi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeziwekea kumbukumbu za serikali taratibu zake, hata namna ya kuziharibu. Karani achukuaye jalada la zamani ili mwanawe achoree nyuma yake amemvunjia heshima mwananchi ambaye jina lake limo ndani. Leo ni mchoro wa mtoto, kesho ni kifungio cha karanga sokoni, na siri ya mtu imekuwa maneno ya watu. Uwekevu usiwe kisingizio cha kuvunja amana.

Mwisho, tusidhani karatasi hizo ni za watoto peke yao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mama wa nyumba na awe na kitabu chake cha matumizi. Nasi tuandike maneno ya wazee wetu kabla hawajaondoka. Abdallah bin Hemedi asingaliandika Habari za Wakilindi, mengi ya nchi hii ya Usambara yangalizikwa pamoja na waliyoyajua. Yeye hakungoja karatasi za anasa.

Natumaini wenzangu mtalifikiri neno hili kabla shule hazijafungwa.

Wasalaam,
Karani wa Lushoto