Seva Haikuanguka, Wewe Ndiye Ulitudanganya

Madevelopa wenzangu, leo siwabembelezi.

Mwaka jana nilikaa saiba na binamu yangu tukifuatilia ombi lake la basari. Alikuwa amebakisha kupakia barua moja tu. Tukaweka namba ya ombi, ukurasa ukajibu: "Kuna hitilafu kwenye seva. Jaribu baadaye." Sisi watiifu, tukajaribu baadaye. Siku tatu! Siku ya nne jamaa wa saiba akachungulia, akacheka: tulikuwa tumeandika herufi O mahali pa sifuri. Seva ilikuwa fiti kabisa. Lakini basari ilikuwa imefungwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Nani alikosea hapo? Sisi, sawa, kidogo. Aliyeandika ile programu, zaidi.

Najua alichofanya kwa sababu hata mimi nimewahi kukifanya. Unatafuta rekodi kwa databesi, haipo, unarudishiwa null. Huangalii. Mstari unaofuata unaitisha jina la mwombaji kutoka kwa hiyo null, programu inaanguka, mtu anapata 500. Na 500 maana yake ni "kosa ni letu." 404 maana yake ni "ulichoitisha hakipo." Hizi si namba za urembo bana. Moja inamwambia mtu angoje, nyingine inamwambia aangalie tena alichoandika.

Dawa ni rahisi. Unda eksepsheni yako, iite OmbiHalikupatikana. Ibebe namba iliyotafutwa. Itupe palepale rekodi inapokosekana. Halafu mahali pamoja tu, makosa yote yanapopitia, igeuze iwe 404 yenye ujumbe wa kibinadamu: "Hatuoni ombi lenye namba hii. Angalia kama umechanganya O na 0." Laravel ina findOrFail, Django ina get_object_or_404. Nusu ya kazi ushafanyiwa.

"Aah, si catch moja kubwa inatosha?" Haitoshi. Ukinasa kila kosa kwa wavu mmoja na kuliita 404, siku databesi itazima kweli utaambia watu maombi yao hayapo. Huo ni uongo mwingine, na mtu atalala akilia. Kila kosa lipewe jina lake.

Ni klasi ya mistari mitano. Binamu yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Usiniambie hukuwa na time.