Mafuta ya Zeituni Mlangoni mwa Msikiti



Ndugu Waislamu, kila Ijumaa, mara tu baada ya swala, utawakuta wamekwisha kutandika mikeka nje ya misikiti yetu. Chupa za mafuta ya zeituni zimepangwa juani, na kipaza sauti kinanadi: yanatibu pumu ya ngozi, fangasi, majipu, vidonda vya kisukari! Anayeuliza ushahidi hutajiwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayohimiza kuyala mafuta hayo na kujipaka, kwa kuwa yanatokana na mti uliobarikiwa. Akiuliza zaidi, huambiwa imani yake ina kasoro.

Hadithi hiyo imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, nayo haina orodha ya maradhi. Orodha ameiongeza muuza chupa. Je, kumbandikia Mtume (s.a.w.) ahadi asiyoitoa, kwa ajili ya shilingi, tukuite nini? Na ajabu ni sisi wenyewe: tunakemea hirizi mimbarini, kisha tunalinyamazia hili kwa sababu lina harufu ya Sunna.

Hatukanushi manufaa yake. Kisigino kilichopasuka hulainika. Watu wa Nablus, kule Palestina, wametengeneza sabuni kwa mafuta haya kwa karne nyingi. Lakini hata Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) alipozungumzia kujipaka mafuta alitofautisha watu wa nchi za joto, kama Hijazi, na watu wa nchi za baridi. Mwanachuoni alipambanua, mchuuzi hapambanui.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe. Sehemu kubwa ya mafuta ya zeituni ni asidi ya oleiki, na asidi hiyo hulegeza mafuta ya asili yanayoziba nafasi baina ya chembe za tabaka la juu la ngozi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo yao: watu wazima 19 walipakwa matone machache mkononi mara 2 kwa siku, kwa wiki 4 hadi 5. Ngozi ilidhoofika na kuwa nyekundu kidogo, hata kwa wasiowahi kuugua pumu ya ngozi. Mafuta ya alizeti hayakuleta dhara hilo. Na ama fangasi wa mba na utangotango, yeye hula mafuta; mafundi wa maabara humwongezea mafuta ya zeituni wanapotaka kumwotesha! Basi mwenye utangotango anauziwa dawa au anauziwa chakula cha maradhi yake?

Tumemwona mtoto wa jirani, viwiko vimechanika na vinatoa maji, akipakwa mafuta hayo kwa miezi 2 kabla ya kufikishwa zahanati. Mama yake hakuwa mzembe. Alimwamini mtu aliyesimama penye kivuli cha msikiti, na kivuli hicho ni chetu.

Mtume (s.a.w.) ameamrisha tutafute matibabu. Aidha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Mbona hadithi hii haisikiki katika vipaza sauti vyao?

Kwa hiyo tunazitaka kamati za misikiti zichukue hatua Ijumaa hii, wala zisingoje semina. Anayeuza mafuta ayauze kama mafuta: chupa iliyofungwa, yenye lebo ya kiwanda, iwekwe kivulini kwa maana jua huyaharibu. Anayetaja ugonjwa hata mmoja aondoke uwanjani. Na mzazi ambaye mtoto wake ana ngozi inayochanika au kutoa maji ampeleke kwa daktari, chupa ibaki jikoni.

Wallahu a'alam.