Mkakasi wa Plastiki

Mpwa wangu aishiye London alikuja kututazama wakati wa Idi. Ni kijana mwenye adabu, na ziada ya mshahara wake huitumia kununua majarida ya zamani ya katuni za Kimarekani. Alipoliona bunda la majarida ya namna hiyo juu ya kabati langu, aliniomba ruhusa ayatazame. Akanawa mikono, akaikausha, akayafunua moja moja kwa ncha za vidole, kisha akaniambia kwa upole:

"Samahani, Mjomba, haya hayana kitu. Majalada hayapo, pini zimeota kutu, tena kuna mtu ameandika ndani. Hili la juu likipimwa litapata nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya alama, Mjomba. Katika kumi."

Huyo "mtu aliyeandika ndani" ni mama yake mzazi, Mungu amrehemu. Majarida hayo tuliletewa na kaka yetu mkubwa, baharia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo yalitufikia tayari yamekwisha kuchanwa majalada. Dada alikuwa ameazima kamusi. Kila jioni alisoma ukurasa mmoja, na neno la Kiingereza asilolijua aliliandikia maana yake kando, kwa penseli, kwa Kiswahili. Mimi sikubahatika kusoma sana shuleni. Kiingereza changu nilikiokota katika kingo zile za karatasi, na kazi yote ya kutafsiri niliyoifanya tangu hapo ina deni kwa penseli ile. Leo naambiwa penseli hiyo ni dosari.

Simlaumu mpwa wangu. Yeye amesoma mizani aliyoikuta. Maneno yangu ni juu ya mizani yenyewe.

Msomaji asiyeijua biashara hii na aelezwe. Tangu mwaka 1970, alipotoa Robert Overstreet kitabu chake cha bei, wakusanyaji wa Marekani wamekuwa na daftari la pamoja la kuambiana jarida lipi lina thamani gani, na likiwa katika hali gani. Mwaka 2000 ikaanza kazi kampuni ya CGC, ambayo hainunui wala haiuzi, bali hupima. Jarida hupelekwa kwa wapimaji, wakalikagua mgongo kama una mikunjo, pembe kama zimevia, pini kama zina kutu, karatasi kama ingali nyeupe au imegeuka rangi ya malai. Kisha hupewa alama, kuanzia 0.5 hadi 10, na kufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kibandiko juu. Lililotengenezwa, kwa mfano lililotiwa rangi palipochujuka, hupewa kibandiko cha zambarau ili mnunuzi ajue. Na atakayelivunja kasha ili asome, alama imebatilika.

Tuseme haki kabla ya kulaumu. Wauzaji walaghai walikuwapo: waliopunguza kingo kwa wembe ili zionekane mpya, waliopaka wino mahali palipokwaruzika. Mpimaji asiye na maslahi amewaokoa wengi na hasara. Tena karatasi ya majarida hayo ni ya bei ya chini, yenye asidi inayoila kutoka ndani hata pasipo mtu kuigusa. Na walimwengu nao hawakuyahurumia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watoto wa Marekani waliyatoa kwa mafungu, karatasi ikatumike upya. Mwaka 1948, mjini Binghamton katika jimbo la New York, wanafunzi waliyakusanya na kuyatia moto kwa kuwa wakubwa waliamini yanaharibu tabia. Atunzaye kilichonusurika na hayo yote anastahili shukrani. Sina ugomvi na utunzaji.

Ugomvi wangu ni huu: mizani hii haipimi jarida. Hupima ni kwa kiasi gani jarida halikusomwa. Kila alama ya kupendwa ni alama ya kupunguziwa. Mkunjo wa mtoto aliyelificha chini ya mto, dosari. Jina la mwenyewe juu ya jalada, dosari. Jarida kamilifu kwa mizani hii ni lile ambalo mwenyewe hakulitaka.

Ushahidi upo. Toleo la 181 la *The Incredible Hulk*, la mwaka 1974, hutafutwa sana kwa sababu ndimo alimojitokeza Wolverine kwa ukamilifu mara ya kwanza. Ndani yake pana stempu ndogo ya katuni. Wachapishaji wenyewe, kampuni ya Marvel, ndio waliowahimiza watoto wazikate stempu za namna hiyo katika majarida yao na kuzibandika katika kijitabu maalumu. Watoto watiifu wakakata. Leo nakala iliyokatwa stempu hushuka alama kwa kishindo, na bei huifuata. Aliyefanya alivyoambiwa na jarida lake ameliharibu, aliyelipuuza ametajirika. Ikiwa hiyo ni mizani ya mapenzi ya fasihi, basi mimi sijui mapenzi ni nini.

Tuitazame na bei. *Action Comics* namba 1, alimozaliwa Superman, iliuzwa senti 10 mwaka 1938. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana waliomtunga na kumchora, walilipwa dola 130 kwa haki zote za shujaa huyo. Mwaka 2014 nakala yenye alama 9.0 ilinunuliwa kwa dola 3,207,852. Mwaka 2024 nyingine yenye alama 8.5 ikafika dola 6,000,000. Katika nakala zote hizo hadithi ni ile ile, picha ni zile zile, hata nukta. Kinachozitenga nakala kwa mamilioni ni mikunjo na pembe. Basi kinunuliwacho si hadithi. Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi huu wa plastiki ndani yake mna zaidi ya kipande cha mti, mna hadithi, lakini haina faida kuliko mti, maana haifunguliki.

Nitajibiwa kwamba hadithi hizo zimechapwa upya mara nyingi, na atakaye kusoma asome chapa mpya. Jawabu hilo nalikubali. Lakini likikubaliwa, tuache kuiita kazi hiyo mapenzi ya katuni. Tuiite biashara ya karatasi safi, biashara halali kama ya dhahabu, na isitufundishe sisi wasomaji kuona haya kwa vitabu vyetu vilivyochakaa.

Wala tusijitape. Dhambi yetu sisi wa Pwani ni ya upande wa pili. Tumeyasoma majarida yetu, kisha tukayafungia karanga. Nani miongoni mwetu anayo *Sani* tangu toleo la kwanza? Nani alizikata na kuzihifadhi katuni za *Juha Kalulu* za Edward Gitau kutoka *Taifa Leo*? Tuliyoyasaza yaliliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Mmarekani hufunga asisome. Sisi tunasoma tusiweke.

Na nina hofu. Siku bei itakapobisha hodi katika makabati yetu, tutaletewa mizani ile ile, na vijana wetu watachagua kilicho safi na kutupa kilichoandikwa. Wakumbuke miswada ya tenzi zetu. Tunamjua mnakili kwa sababu aliandika jina lake mwishoni. Tunamjua mwenye mswada kwa sababu alijitaja. Tunalijua neno gumu kwa sababu mtu fulani alilieleza katika hashia. Laiti mababu zetu wangelitukuza ukurasa usioguswa, tungelirithi wino bila watu.

Ninachodai si kikubwa. Mwenye jarida la zamani, liwe la Superman au la Madenge, na alitunze mbali na jua na unyevu. Kabla ya kulifungia, alipige picha kurasa zote, lipate kusomwa. Na anayepima, pamoja na kuhesabu mikunjo, aandike kilichoachwa na msomaji: jina, penseli, stempu iliyokatwa. Aandike hivyo kama historia ya nakala, si kama orodha ya makosa.

Mpwa wangu nilimwonesha mwandiko wa mama yake. Aliutazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama naweza kumpa jarida lile la juu, lenye nusu. Nimempa, kwa sharti moja tu: asilifungie.