Bandu bandu huisha gogo: tutunze chaji ya kompyuta nyumbani

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kitu ambacho zamani kisingeingia katika ukurasa kama huu, lakini leo kimo sebuleni mwetu pamoja na cherehani na redio. Nacho ni kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu tunaiita laptopu. Hatutazungumza juu ya kuinunua. Tutazungumza juu ya betri yake, jinsi ya kuifanya ikae na chaji kwa muda mrefu, na jinsi ya kuepuka kutoa fedha ambazo nyumba haina.

Tuanze na yaliyompata mmoja wetu tunaoandaa ukurasa huu. Mwenzetu huyu ni mhazini wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kila mwisho wa mwezi huandika hesabu za kikundi kwenye kompyuta ya nyumbani, na Jumamosi huwasomea wanachama. Ijumaa moja jioni umeme ulikatika. Hakuwa na wasiwasi, maana kompyuta ilikuwa imejaa chaji tangu asubuhi. Akapika, akalisha watoto, akawalaza, na saa tatu usiku akaketi mezani na taa ya sola. Alipofungua kompyuta alikuta chaji imebaki asilimia 14. Kumbe mchana watoto walitazama katuni, kisha baba yao akatazama marudio ya mpira, wote bila kuchomeka chaja. Kabla hajamaliza ukurasa wa pili, kioo kikawa cheusi. Na kazi hakuwa ameihifadhi.

Kesho yake alisimama mbele ya wenzake bila hesabu. Hakuna aliyemtolea neno baya. Lakini mtunza fedha za watu anayefika mikono mitupu anajua jinsi macho yanavyomtazama.

Aliporudi nyumbani mumewe alimwambia, "Mama watoto, mashine hii imekufa. Tutafute nyingine." Alisema kwa nia njema kabisa. Lakini fedha pekee iliyokuwamo ndani ilikuwa ada ya awamu ya pili ya mtoto aliyeko shule ya bweni.

"Baba watoto, nipe wiki moja," alijibu mwenzetu. "Nimwonyeshe fundi kwanza. Tusije tukamzika mgonjwa."

Fundi, kijana mpole, aliichunguza kompyuta kwa muda mfupi tu. "Mama, betri hii haijafa," alisema. "Imezeeka kidogo, lakini kinachoimaliza ni kazi mnayoipa." Na hapo ndipo somo letu la leo linapoanzia.

Betri ni debe la maji

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Ukitaka kuelewa, fikiria debe la maji lenye koki. Wati-saa ni maji yaliyomo ndani ya debe. Wati ni kasi ya maji yanayotoka kwenye koki. Debe likiwa na wati-saa 33 na koki ikatoa wati 22, maji yatakwisha kwa saa moja na nusu. Ukiibana koki hadi itoe wati 11, maji yale yale yatakaa saa tatu.

Betri ya mwenzetu ilipokuwa mpya ilibeba wati-saa 45. Sasa inabeba 33, yaani kama asilimia 73 ya uwezo wake wa awali. Kwa hiyo debe limepungua kweli, lakini tatizo kubwa lilikuwa koki iliyofunguliwa hadi mwisho.

Nawe unaweza kupima yako. Kwenye kompyuta ya Windows, mwombe fundi au kijana wako afungue dirisha la kuandikia amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha abonyeze kitufe cha kuingiza. Kompyuta itatengeneza taarifa na kuonyesha mahali ilipoihifadhi. Tafuta humo namba mbili: uwezo wa betri ilipotengenezwa, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kwenye kompyuta za Apple, afya ya betri huonekana katika mipangilio, sehemu ya betri. Jambo hili ni la kufanya kabla ya kufikiria kununua chochote.

Jinsi ya kuibana koki

Kwanza, punguza mwanga wa kioo. Kioo ni mojawapo ya vitu vinavyokula umeme mwingi katika kompyuta, na wengi wetu tunakiacha kiwake kama jua la saa sita. Usiku ndani ya nyumba, nusu ya mwanga huo yatosha, na macho nayo yatapumzika. Kama vitufe vya kuandikia vina taa chini yake, izime.

Pili, washa hali ya kubana umeme. Si lazima ununue programu yoyote. Imo tayari ndani ya mashine. Katika Windows 10 na 11 bonyeza alama ya betri iliyo pembeni chini ya kioo, au fungua mipangilio ya umeme na betri. Kwa kawaida hali hii hujiwasha yenyewe chaji ikiwa imebaki kidogo, lakini unaweza kuiwasha mapema umeme unapokatika. Kompyuta za Apple nazo zina hali ya umeme mdogo tangu toleo la Monterey la mwaka 2021. Kazi ya hali hii ni kupunguza mwanga na kuzizuia programu zisifanye shughuli za chinichini ambazo hukuzituma.

Tatu, funga usivyotumia. Ukurasa wa intaneti ulioachwa wazi hauketi bure. Mara nyingi huendelea kujisomea habari mpya na kuchezesha matangazo. Mwenzetu alikuta kurasa 31 zimeachwa wazi, nyingine tangu mwezi uliotangulia. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, na Windows itakuonyesha programu zinazofanya kazi na zile zinazotumia nguvu nyingi. Zile unazozijua na huzihitaji, zifunge. Zile usizozijua, usiziguse mpaka umemwuliza anayejua.

Nne, zima waifai na Bluetooth kama kazi yako haihitaji mtandao. Kuandika hesabu, barua au somo la watoto hakuhitaji intaneti. Na vitu vilivyochomekwa pembeni, kama flashi au kipanya, vichomoe. Navyo vinakula kutoka sahani ile ile.

Tano, ujue tofauti ya kulala na kulala fofofo. Ukifunika kompyuta kwa kawaida hulala tu: inaendelea kula umeme kidogo ili iamke upesi. Bandu bandu huisha gogo, na hadi asubuhi utakuta chaji imepungua. Kulala fofofo ni pale kompyuta inapoandika kila kitu kwenye diski yake na kujizima karibu kabisa. Ukiiwasha, inarudi pale pale ulipoishia. Kama hutaigusa kwa saa nyingi, ilaze fofofo au uizime.

Ile mitindo ya zamani

Wengi wetu tulifundishwa kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe. Ushauri huo ulikuwa na maana kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo zilikuwa na tabia ya "kukumbuka" mahali ulipozoea kuzichaji. Betri za kompyuta za leo ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozileta. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, mzee kuliko wote waliowahi kupewa tuzo hiyo. Basi asituambie mtu kwamba umri wetu umepita wa kujifunza mambo haya!

Betri ya lithiamu haipendi kuishiwa hadi sifuri, wala haipendi kukaa imejaa asilimia 100 siku nzima. Hupendelea kuwa katikati, kati ya asilimia 20 na 80 hivi. Kama kompyuta yako hukaa mezani imechomekwa karibu muda wote, watengenezaji wengi wameweka kipimo cha kuizuia isichaji kupita asilimia 80. Kitafute katika mipangilio au katika programu iliyokuja na mashine. Na kama utaiweka kabatini kwa majuma mengi, iache na chaji ya nusu.

Adui yake mkubwa kuliko wote ni joto. Usiiweke kompyuta juu ya godoro au mto, kwa maana matundu ya hewa huzibwa. Usiiache ndani ya gari juani. Feni ikiwa imejaa vumbi, mpelekee fundi aisafishe. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani, na ukirudi ngoja dakika chache kabla ya kuichomeka tena, maana mara nyingine hurudi kwa kishindo.

Pia tahadhari moja isiyo na mzaha. Ukiona mahali pa kuandikia pamevimba, au kompyuta haifungi sawasawa kama zamani, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze wala kuitoboa, iweke mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha mpelekee fundi. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka.

Wa mwisho kula

Sasa tuseme lile ambalo fundi hakulisema. Mwenzetu alipoketi kufikiri, aliona kwamba hata betri mpya isingemwokoa Ijumaa ile. Katika nyumba nyingi mama ndiye wa mwisho kula, na vivyo hivyo ndiye wa mwisho kuishika kompyuta. Watoto wanapata chaji ya asubuhi, baba ya jioni, na mama anapata makombo, saa ambayo kila mtu amelala. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Ni kwa sababu mama hajasema.

Basi akasema. Jioni moja baada ya chakula aliwaambia wa nyumbani kwake kwamba kazi ya hesabu ni amana ya watu, na kwamba anahitaji chaji kama vile anavyohitaji kuni ili apike. Wakakubaliana mambo matatu. Katuni na mpira vitazamwe chaja ikiwa imechomekwa. Ikifika asilimia 50 na umeme haupo, kompyuta ifungwe na kuachwa kwa mwenye kazi. Na anayeitumia mwisho ndiye anayeichomeka. Mtoto wa darasa la tano aliyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Sasa yeye ndiye askari, na baba yake ndiye mtuhumiwa wa kwanza!

Kwa mipangilio hiyo tu, bila kununua kitu, kompyuta iliyokuwa ikizimika baada ya saa moja na nusu sasa inamfikisha karibu saa tatu kwa kazi za kuandika. Mwezi uliofuata umeme ulikatika tena Ijumaa. Alimaliza hesabu saa nne na nusu usiku, akabakiwa na asilimia 37. Ada ya mtoto ilikuwa imeshalipwa.

Hatusemi kwamba mipangilio hurudisha ujana wa betri. Betri nyingi hutengenezwa zivumilie mizunguko ya kuchajiwa kati ya 300 na 1,000 hivi, na baada ya hapo uwezo hushuka. Taarifa yako ikionyesha kwamba umebaki chini ya nusu, huenda wakati umefika wa kubadilisha. Lakini hata hapo, uliza kwanza bei ya betri peke yake. Kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nzima. Na jihadhari na programu zinazotangazwa kwamba zitaongeza maradufu maisha ya betri. Nyingi hazifanyi zaidi ya yale tuliyoeleza hapa, na nyingine huja na wadudu wao.

La mwisho, dogo lakini kubwa: hifadhi kazi yako kila baada ya aya moja. Bonyeza Ctrl na S kwa pamoja, kama unavyoonja mchuzi kila baada ya muda. Chaji ikikwisha, isiondoke na kazi yako.

Mama, jioni ya leo fungua mipangilio ya betri pamoja na watoto. Wao watakuonyesha vitufe, nawe utawaonyesha kwa nini.