Tamko kuhusu wanaume walioacha kupiga wake zao

Sisi, umoja wa wakulima wa kahawa wa Ruanda, wilayani Mbinga, na wavuvi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wake kwa waume, tunatoa tamko hili kwa wananchi na mamlaka za Wilaya za Mbinga na Nyasa.

1. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hata hivyo, mashauri mengi bado yanamalizwa nyumbani: mume anatozwa faini, anaomba radhi mbele ya wakwe, mke anarudishwa.

2. Umoja unaamini kwamba mwanaume aliyezoea kupiga anaweza kuacha, na akadumu. Shahidi wa jambo hilo ni mkewe. Katika utafiti wa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliochapishwa mwaka 2020, wanaume waliohudhuria vikundi vya majadiliano walibadili mitazamo yao. Lakini wanawake walipoulizwa kuhusu vipigo, haikuonekana tofauti ya maana na vijiji visivyokuwa na vikundi hivyo. Kwa hiyo mke aulizwe, tena faraghani.

3. Kwetu kipimo ni msimu. Mume aliyetulia mwezi Machi, alipokuwa akifyeka majani ya ngoro, kilimo chetu cha mashimo, na mkewe akichimba mashimo, hajajaribiwa. Anajaribiwa malipo ya kahawa yanapotoka. Mke amechuma, ameanika, amegeuza kahawa kichanjani. Jina lililo katika daftari la chama cha msingi ni la mume. Mke akiuliza fedha zimekwenda wapi, hapo ndipo itakapojulikana kama mume ameacha.

4. Kuhudhuria vikundi vyetu vya majadiliano hakufuti kosa wala hakuchukui nafasi ya Dawati la Jinsia na Watoto au mahakama. Aliyejeruhi awajibike kwanza.

5. Umoja unaziomba halmashauri kuwawezesha maafisa ustawi wa jamii kufika vijijini mara kwa mara, na vyama vya msingi kuandikisha mke na mume kwa pamoja.

6. Kwa upande wetu, kila mwanaume aliye katika vikundi vyetu atafuatiliwa kwa misimu miwili ya kahawa, na atakuwa na mzee wa kumwendea saa yoyote hasira zinapompanda. Akirudia kupiga, umoja wenyewe utamfikisha polisi, hata akiwa kiongozi wetu.