Baruti Haitaki Kukisia

Mkoa wa Singida umejaliwa mawe. Mjini Singida majabali ya matale huchomoza katikati ya nyumba za watu. Mawe hayo sasa yana kazi kubwa. Kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora hadi Tabora, ambacho mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2021, kinapita katika Mkoa huo, na reli hulala juu ya kokoto. Hapana budi miamba ilipuliwe. La kuulizwa ni namna ya kuilipua.

Desturi ya zamani machimboni ni mtu kusimama ukingoni, kuchungulia chini na kukisia mahali pa kutoboa matundu ya baruti. Lakini uso wa mwamba si ukuta wa matofali. Mahali ulipobonyea, jiwe lililo mbele ya baruti huwa jembamba, na mlipuko hurusha vipande mbali, pengine hadi kwenye paa la jirani. Mahali ulipotuna, baruti hushindwa. Hutoka mapande yasiyoingia katika mashine ya kusaga, nayo hulazimu kupasuliwa tena kwa gharama ya pili.

Ndege ndogo isiyo na rubani hupunguza kukisia huko. Hupiga picha nyingi zinazopandana, na kompyuta huziunganisha zikawa umbo la mwamba linalopimika. Mlipuaji hujua unene wa jiwe mbele ya kila tundu kabla halijatobolewa. Baada ya mlipuko, picha za rundo humwonyesha kama baruti ilizidi au ilipungua. Ufa uliofichika ndani ya mwamba, hata hivyo, ndege hauoni. King'ora na kuwaondoa watu ni lazima vile vile.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Si kweli. Kuanzia 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar walirusha ndege za aina hiyo kupima ramani ya Unguja na Pemba.

Miradi ya barabara na reli ndiyo inunuayo kokoto kwa wingi, na wasimamizi wake wanaweza kudai vipimo hivyo katika mikataba. Mchimbaji mdogo asibebeshwe mzigo huo peke yake: ndege moja ya ofisi ya madini, yenye kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaweza kuhudumia machimbo mengi kwa zamu. Zamu hiyo ianzie kwenye machimbo yaliyo jirani na shule na makazi, yale ya porini yafuate.