Grili ya Dirisha: Pambo Lisigeuke Mtego

Mwingi mjini mafundi wa jua kali huchomelea mageti na grili za madirisha. Wengine huzitia maua, wengine mikuki na mioyo.

Kupenda chuma kilichorembwa si jambo geni Ukambani. Wahunzi wa Kikamba walifua mishale, na mafundi wa mikufu walisokota nyaya kuwa vito. Gerhard Lindblom, mtafiti wa Uswidi aliyezuru Ukambani mwaka 1911 na 1912, alieleza ustadi huo katika kitabu chake cha 1920.

Enzi hizo hizo kule Marekani, Samuel Yellin alifungua karakana Philadelphia mwaka 1909. Alirembesha kwa chuma jengo la Benki ya Federal Reserve ya New York, lililofunguliwa mwaka 1924.

Lakini benki hulinda fedha, nawe unalinda watoto. Moto ukizuka usiku na mlango usifikike, grili iliyochomelewa pande zote inamzuia mwenye nyumba kama inavyomzuia mwizi.

Basi kabla ya kuchagua maua, mwambie fundi akuwekee bawaba na kufuli katika dirisha moja la kila chumba cha kulala. Ufunguo uning'inie mahali ambapo mkono wa mwizi haufiki, ila kila mtoto anapajua. Wafundishe kufungua gizani. Kisha pakeni rangi ya kuzuia kutu, bawaba zisije zikakwama.

Tahadhari kabla ya hatari.